Kitunguu cha Nguruka

Niko Nguruka, kati. Kazi yangu ni kuwa kati.
Meza ya mninga, simu mbili, betri ya gari,
waya wa sola unaoning'inia kutoka kwenye bati
kama mkia wa kitu kilichoingia darini kikasinzia.

Pesa inakuja kutoka upande wa Kaliua
imefungwa maganda kama kitunguu.
Namenya ganda moja, langu, nasoma:
peleka Uvinza kabla ya saa nne, themanini ni zako.
Basi. Nani alitokwa machozi akikikata,
nani atakikaanga,
sikuambiwa, wala sikuuliza.

Ndivyo tulivyouziwa jambo hili:
hakuna benki, hakuna bosi,
mtu na mtu na mtu na mtu,
kila mmoja kipofu kiasi chake.

Lakini kipofu ana vidole.
Elfu arobaini na saba na mia tatu,
Alhamisi moja ndiyo, moja hapana.
Nani mwingine duniani ana hiyo mia tatu?
Miezi mitano, nikaijua
kama unavyojua kikohozi cha jirani ukutani.
Mwezi wa sita ikachelewa siku nne.
Sikulala, kwa ajili ya mtu nisiyemjua jina.

Na wapo wanaonipapasa mimi.
Usiku unakuja mzigo wa laki tatu: unanishinda.
Laki mbili: unapita, unakataliwa mbele, unarudi.
Mbili na nusu: unanishinda.
Huyo hatumi kitu. Anagonga pipa
asikie maji yameishia wapi.
Kufika alfajiri anaijua droo yangu
kuliko mume wangu.

Haya niliyavumilia. Halikunishuka la kufuli.

Kila mzigo una kufuli, na kufuli ni moja njia nzima,
meno yale yale Urambo, Kaliua, kwangu, Uvinza, Ujiji.
Wa mwisho akitoa neno, neno linarudi nyuma
mkono kwa mkono, kila mmoja anafungua, anakula chake.
Machi, maneno yakaanza kupotea yakifika Uvinza.
Themanini zangu hazikuonekana.
Mzigo umekufa, nikaambiwa. Poleni.

Nikaenda Uvinza, nikasema nafuata chumvi.
Gwimo ananipimia, simu yake ya pili inaita,
inaita mfukoni, anaitoa, anaiweka juu ya mizani:
MIHAYO KALIUA – DUKA.
Mihayo wangu! Ninayemtumia salamu za Idi kila mwaka!
Laini ni yake. Duka ni lake. Mihayo ni yeye.
Amenikalia kulia na kushoto.
Neno likifika Uvinza analirusha Kaliua
juu ya kichwa changu,
na kitunguu cha maganda saba
kwake ni yai lililokwisha menywa.

Hakuona aibu. Akafunga mfuko wa chumvi, akasema:
"Yule wa mia tatu anadaiwa na watu wa Urambo.
Wananilipa vizuri kujua anamtumia nani."
"Wa mia tatu yupi?" nikasema.

Ningemwonya. Lakini nimwonye nani?
Upofu uliomlinda ndio ulioniziba mdomo.
Alhamisi ikafika, ikaja. Nikaikataa.
Imeshindikana. Ikaja tena. Imeshindikana.
Nilijisikia kama ninamfungia mlango mtoto
anayekimbia mvua.
Kisha nikakata njia zote mbili na Gwimo,
na ujira wa nusu mwezi ukaenda nazo.

Jumatatu, kutoka upande wa Mpanda,
yakielekea Kasulu, kuzunguka mbali,
vikapita vijipesa vitatu kwa saa tofauti:
kumi na tisa elfu na hamsini,
elfu kumi na moja,
kumi na saba elfu mia mbili na hamsini.

Nikavipitisha. Nikafuta.
Nikaosha vyombo.
Na mikono ikiwa bado ndani ya povu
nikajikuta nimeshajumlisha.